Mzizi Mwembamba: Kinachoweza Kuuimarisha na Kisichoweza

Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojipanga karibu na mlango: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie uimarishaji wa mizizi ya meno iliyodhoofika. Nitaanza na mgonjwa ambaye kila daktari wa meno atamwona mapema au baadaye. Mtoto wa miaka saba au minane ameanguka, na jino lake la mbele la juu limegonga kitu kigumu. Halikung'oka. Pengine hata halikumeguka. Lakini kiini chake, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, kimekufa. Jino likishachomoza, mzizi wake huhitaji takriban miaka mitatu zaidi kukamilika, na seli zinazoujenga kwa ndani zimo humo kwenye kiini. Kikifa, ujenzi husimama pale ulipofika: kuta nyembamba na ncha iliyo wazi. Mtoto ataendelea kukua, ila jino hilo litabaki na mzizi wa utotoni.

Sababu nyingine mnazijua. Kuna uozo ulioshuka hadi mzizini, kuna mzizi uliolika kutoka ndani, kuna nguzo ya zamani, ule mti mwembamba unaopachikwa ndani ya mzizi, iliyochimbuliwa. Na tupo sisi, tunaopanua mfereji wa ndani ya mzizi kwa keekee kuliko inavyohitajika kwa sababu tunataka kuona vizuri. Hii ndiyo inayoniudhi, maana inazuilika kabisa.

Sasa, mzizi mwembamba huvunjikia wapi? Mara nyingi shingoni, karibu na usawa wa mfupa. Mwaka 1992 Miroslav Cvek wa Sweden alichapisha matokeo ya meno ya mbele yaliyokufa baada ya ajali na kutibiwa mizizi ingali michanga. Kwa mizizi iliyokuwa michanga zaidi, asilimia 77 ya meno yalivunjika shingoni. Kwa ile iliyokaribia kukamilika, asilimia 28. Ukiachana na yote nitakayoyasema leo, shika hilo la shingo, kwa sababu ndipo nyenzo yoyote inapopaswa kufanya kazi.

Zamani tulijaza kalsiamu haidroksaidi ndani ya mfereji, tukaibadilisha kila baada ya miezi kadhaa, tukingoja ncha ijifunge kwa tishu ngumu. Ilikuwa ikijifunga, tena vizuri. Tatizo ni muda, kwani ungeweza kungoja mwaka mzima na zaidi. Kisha mwaka 2002 Jens Andreasen na wenzake wa Denmark wakapima meno machanga ya kondoo yaliyojazwa dawa hiyo, wakakadiria kwamba nguvu ya jino hupungua nusu kwa takriban mwaka mmoja. Meno ya kondoo si ya binadamu, najua, lakini sikuona sababu ya kuendelea kuiacha dawa hiyo mzizini kwa miezi mingi wakati njia nyingine ipo. Njia hiyo ni saruji ya MTA, iliyotoka Loma Linda, California, miaka ya 1990, kwa kazi ya Mahmoud Torabinejad, pamoja na saruji za jamii yake zilizofuata. Unaweka kizibo cha milimita nne hivi kwenye ncha, kinaganda hata penye unyevu, na ndani ya ziara moja au mbili ncha imefungwa. MTA ibaki huko chini. Ikipanda hadi shingoni jino huweza kuwa jeusi, na mzazi atakuuliza umelifanya nini jino la mwanawe.

Ncha imefungwa, lakini kuta bado ni nyembamba. Tujaze nini sehemu iliyobaki?

Hapa kuna namba chache. Ugumu wa dentini, yaani tishu ngumu inayojenga kuta za mzizi, dhidi ya kupindwa ni kama gigapaskali 18. Gutapacha, kijazio chetu cha kila siku, haifiki hata gigapaskali moja. Kuitegemea ishikilie ukuta wa jino ni kujidanganya. Miaka ya 2000 ilivuma nadharia kwamba tukibadilisha gutapacha kwa plastiki inayogandishwa kwa gundi, jino na kijazio vitakuwa bonge moja. Ilipendeza kuisikiliza. Plastiki yenyewe ilikuwa laini karibu sawa na gutapacha.

Upande wa pili kuna chuma cha pua, karibu gigapaskali 200. Jino likipata mkandamizo, dentini inapinda na chuma hakipindi, na nguzo hiyo ndani ya mzizi mwembamba hufanya kazi ya kabari kwenye gogo. Mzizi uliopasuka kwa urefu, kwa jino la mzizi mmoja, kwa kawaida huishia kung'olewa.

Katikati kuna resini ya kompositi, ile nyenzo nyeupe ya kuzibia meno, gigapaskali 10 hadi 20, na nguzo za nyuzi za kioo zilizo juu kidogo ya hapo. Hizi hupinda pamoja na dentini, na kompositi ikigandishwa ukutani inarudisha unene uliopotea. Kwa hiyo mimi huondoa gutapacha hadi chini kidogo ya usawa wa mfupa, kisha najaza kompositi humo.

Naona mkono umeinuliwa. Ndiyo, mwanga. Mwanga wa kugandisha resini hufifia kadiri unavyoshuka, na tabaka lizidi milimita mbili tu, chini yake pana ubichi. Tumia kompositi inayoganda yenyewe hata gizani, au nguzo angavu inayopitisha mwanga hadi chini. Lipo pia tatizo la kusinyaa: resini ikiganda hujikunja, na ndani ya mfereji imeshikwa pande zote isipokuwa mdomoni, kwa hiyo inajivuta na kubanduka ukutani. Halafu sodiamu haipokloraiti tunayosafishia huacha oksijeni inayozuia gundi isigande sawasawa. Suuza kwa uangalifu, na usitumie saruji yenye eujenoli, ile ya mafuta ya karafuu, hapo kabla, kwani nayo huzuia resini isigande.

Tahadhari moja kuhusu tafiti tunazonukuu. Nyingi zimefanyika maabara, ambapo jino hubanwa kwenye mashine na kusukumwa mara moja hadi livunjike. Mdomoni jino husukumwa kidogo kidogo, mara maelfu kwa maelfu, penye mate na joto linalobadilika, na gundi huchakaa kwa miaka. Ndiyo maana nikisoma kwamba nyenzo fulani imerudisha nguvu ya jino, huuliza kwanza kama lilipimwa likiwa limewekwa jana.

Kwa jino la mtu mzima linalohitaji kofia, yaani kifuniko kinachovikwa juu ya jino, nguzo si muhimu kama ukingo wa jino uliobaki. Kofia ikilikumbatia jino lenyewe kwa milimita mbili juu ya ufizi, umeshafanya kazi kubwa. Penye dentini ya kutosha kushikilia kofia, nguzo ya nini?

Kwa watoto, tangu miaka ya 2000 mwanzoni ipo pia njia ya kuruhusu damu iingie mferejini kutoka kwenye tishu za ncha, kisha kuziba juu kwa saruji. Baadhi ya mizizi hurefuka na kuta huongezeka unene. Nyingine hupona uvimbe tu bila kunenepa, na shingo, pale pale penye hatari, mara nyingi haipati kitu. Kwa mzizi mfupi mno mimi huijaribu kwanza. Kwa mzizi uliokaribia kukamilika, huchagua MTA na kompositi.

Nakomea hapo. Waliokuja na picha za eksirei za wagonjwa wao wazilete hapa mbele tuzitazame, tukianza na zile za mizizi iliyolika kutoka ndani.