Kufunga raba za matope kwenye Land Rover ya zamani

Karibuni tena. Leo tunafunga raba za matope, zile zinazoning'inia nyuma ya tairi. Gari letu ni Land Rover ya zamani, bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Kama lako lina bodi ya chuma, usiondoke. Kazi ni ileile, tofauti nitaitaja tukiifikia.

Kwanza njoo uone huku chini, nyuma ya tairi la mbele. Rangi imechubuka hadi bati linang'aa, utadhani mtu amepitisha msasa. Ni changarawe hiyo, inarushwa na tairi siku baada ya siku. Na hapa kwenye chesisi, tope limejibana kwenye kona, ukilichokonoa kwa bisibisi bado lina unyevu ndani. Chuma cha zamani hakipendi hilo.

Vifaa: spana namba 13 mbili kwa bolti za milimita 8, drili na biti zake, panchi, tupa, brashi ya waya, chaki, klampu mbili, praima, na miwani ya kukinga macho. Raba yenyewe iwe na unene wa milimita 5 au 6, na upana usiopungua wa tairi. Yenye unene mdogo zaidi ya huo inapepea kama kitambaa.

Bolti za zamani tulizipulizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana jioni. Ukianza kufungua, usikimbilie kulegeza. Ikaze kidogo kwanza, usikie ule mlio wa kutu kukatika, ndipo urudi nyuma. Mimi nilishakata bolti tatu kwa siku moja kwa haraka zangu, na kutoboa kipande kilichobaki ndani ni kazi ya mchana mzima. Ikitoka, sugua pale ilipokaa kwa brashi ya waya.

Sasa kupima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari liwe chini, limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Usipime likiwa kwenye jeki, kwa sababu springi zinakuwa zimelegea na tairi limeshuka; ukilishusha, vipimo vyote vinakudanganya.

Tunaanza nyuma. Ibane raba kwenye braketi, kile chuma cha kuishikilia, kwa klampu tu, bila kutoboa chochote. Mimi naacha kama sentimita 20 kati ya ncha ya raba na ardhi. Kama sheria ya unakoishi inataja kimo, fuata hiyo. Ukiishusha sana, siku utakayorudi nyuma kwenye mawe ncha itagusa, tairi litaikanyaga, na litaivuta pamoja na braketi. Utasikia tu "kraa!"

Kwa raba za mbele, tairi halikai sehemu moja, linakata kona na kupanda juu. Ibane raba kwa klampu, kisha paka chaki nyingi upande unaotazama tairi. Kata usukani wote kulia, endesha polepole juu ya tuta, halafu rudia kushoto. Shuka uangalie tairi. Umeona huu mstari mweupe pembeni? Tairi limegusa. Nasogeza raba nyuma sentimita 2, nafuta chaki ya kwenye tairi, tunajaribu tena. Sasa ni safi. Weka alama za matundu.

Kabla ya kutoboa, pitisha mkono nyuma ya hapo unapotaka kutoboa. Nyaya za taa, bomba la breki, bomba la mafuta, vyote hupenda kujificha huko. Ukihitaji nafasi, toa gurudumu, lakini gari likae kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Gonga panchi ili biti isiteleze, anza na biti ya milimita 3, malizia na ya 8 na nusu. Mwendo uwe wa taratibu, na kwenye chuma dondosha mafuta kidogo. Lainisha kingo kwa tupa, paka praima, acha ikauke. Wenye bodi ya chuma msiruke hatua hii, maana tundu lisilopakwa rangi ndiyo kutu ya mwaka ujao. Kwenye alumini, bolti ya chuma ikikutana nayo penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Weka washa ya plastiki, kile kiduara chenye tundu, katikati na upake grisi.

Raba haitobolewi vizuri kwa drili, inang'ang'ania biti na tundu linatoka limepinda. Nimenoa mdomo wa kipande cha bomba la chuma, naulowesha kwa maji ya sabuni, naweka ubao chini, nyundo mara moja. Ona, mviringo safi.

Funga sasa. Usiweke washa ndogo peke yake, raba itachanika kuzunguka bolti. Weka bamba la chuma linalopita juu ya matundu yote, raba ibanwe kati ya bamba na braketi. Tumia nati zenye nailoni ndani. Kaza hadi raba ianze kuvimba kidogo pembeni mwa bamba, uishie hapo.

Tundu hili la kona ya chini ni la mnyororo mdogo. Nikifika kwenye mawe naikunja raba juu na kuitundika, kisha naishusha nikirudi barabarani.

Nimeendesha kidogo na kurudi, na ona, spana inazunguka tena karibu robo. Raba imelala, kwa hiyo kaza upya.

Upande wa pili ni hivyohivyo, ila kwenye gari hili bomba la egzosi linapita huko. Nimeikata raba kona ya ndani, ikae mbali na joto.