Ulizeni bajeti kwanza

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, nitasema lile lile ninalolisema kila tukikutana. Mtu akikwambia kuwa ubaguzi shuleni uliisha Marekani tarehe 17 Mei 1954, mwulize: na fedha za shule je, baada ya hapo zilikwenda wapi?

Hukumu ya Brown, ile ya siku hiyo ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba, mnaijua, siirudii. Twendeni Farmville, kaunti ya Prince Edward, Virginia. Shule ya Moton ilijengwa 1939 kwa wanafunzi Weusi 180. Kufika 1951 walikuwa zaidi ya 450. Kaunti ikawaongezea nini? Mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami! Kila banda na jiko lake. Aliyekaa karibu na jiko anatoka jasho, aliye mbali anaandika na koti mwilini. Mvua ikinyesha paa linavuja, watoto wanafungua miavuli. Darasani, jamani.

Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, akasema basi. Mwalimu mkuu aliondolewa shuleni kwa simu ya uongo, wanafunzi wakaitwa ukumbini, wakamkuta Barbara jukwaani. Wakagoma. Walichotaka ni jengo la maana tu. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ndio waliowaambia, tutawasimamia mkidai utengano wenyewe ufutwe. Kesi yao ikaunganishwa na ya Brown. Kesi zilikuwa tano, na walalamikaji wengi walitoka kwao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1959, mahakama ilipowabana wawachanganye watoto, madiwani wa kaunti hawakuweka bango la kuwakataza Weusi. Walikataa kupitisha fedha za shule. Shule zote za umma zikafungwa, miaka mitano! Watoto wa Kizungu wakafunguliwa shule binafsi, na ruzuku za jimbo na nafuu za kodi zikaisaidia. Watoto Weusi wapatao 1,700 wakaachwa. Wengine walifundishwa kwenye vyumba vya makanisa, wengine walipelekwa majimbo mengine kwa ndugu au kwa familia wasizozijua, wengine hawakusoma kabisa. Mtoto aliyekuwa aanze darasa la kwanza 1959 akiwa na miaka sita, shule za umma zinafunguliwa 1964 yeye ana 11. Na Mahakama ya Juu ilipoingilia, ilisema nini? Kwamba jaji anaweza kuwalazimisha madiwani watoze kodi. Mnaona? Kodi.

Najua kuna atakayesema: hayo ni ya zamani, tena ya Virginia, mtoto mwenye adabu anasoma popote. Mzee wangu, hata mimi nimesoma Tanga nikiwa nimekaa sakafuni. Lakini tulikaa sakafuni wote. Mtoto wa diwani alikuwa ubavuni pangu. Ndiyo maana madawati yalipokuja, yalikuja kwa wote. Hapa Marekani diwani mtoto wake yuko upande wa pili wa mpaka wa wilaya ya shule.

Na mpaka huo una baraka za mahakama. Mwaka 1973, kesi ya Rodriguez ya Texas: Mahakama ya Juu ikasema shule kupishana fedha kwa sababu zinategemea kodi ya majengo ya mahali zilipo hakuvunji katiba ya nchi. Mwaka 1974, Detroit: mpango wa kuchanganya watoto wa mjini na wa vitongoji ukakataliwa. Kura tano kwa nne, zote mbili! Ukinunua nyumba upande huu wa barabara, mtoto ana maabara. Upande ule, hana. Nilitaka niwaeleze pia habari za walimu Weusi waliopoteza kazi shule zao zilipofungwa ili watoto wachanganywe, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Hilo linataka siku yake.

Kabla ya maswali: wangapi humu mmewahi kuhudhuria kikao cha bajeti cha wilaya yenu ya shule? Nyoosheni mikono. Wanne. Haya, ninyi wanne sogeeni hapa mbele, mtueleze mlichokisikia kule.