WhatsApp yako ya kampuni au ya kuchezewa? Iangalie hivi

Assalaam alaykum wapenzi watazamaji, wa Unguja, wa Pemba na mulioko nje. Simu hii munayoiona mkononi ni ya mamdogo wangu wa Wete, kainunua yuzdi na WhatsApp kaikuta imo tayari, sasa kila baada ya siku chache anafungiwa, inatokea saa inahesabu kurudi nyuma na wateja wake wa mikeka wote wamo humo, kwa kweli imeniuma.

Kwanza ifungue, gusa vidoti vitatu hapa juu, ingia setingi. Mukiona pana sehemu ya kusoma meseji aliyoifuta mwenzako, hiyo si ya asili, imechezewa, yaani mtu mwengine kaibadilisha, ya kampuni haina kitu hicho.

Sasa toka, nenda setingi za simu yenyewe, apu, WhatsApp, teremka mpaka chini kabisa. Simu nyingi zinakuandikia imetoka wapi. Ikiwa Play Store, alhamdulillah. Ikiwa sio, usiihukumu bado, whatsapp.com nao wanatoa faili la APK wenyewe, yaani faili la kuwekea apu kwenye simu bila kupitia Play Store.

Hapa ndo penyewe, nisikilizeni vizuri. Kila apu ya Android ina saini ya aliyeitengeneza, mtu akiifungua akabadilisha hata herufi moja ile saini inavunjika, inabidi aweke yake kwa sababu ufunguo wa kampuni wa kuwekea saini hana. Kwa hiyo shusha APK ya whatsapp.com, hakikisha simu ina nafasi, halafu iweke juu ya hiyo iliyopo bila kuifuta. Ikikubali kama apdeti, saini ni moja, yako ya kweli. Ikikataa ikasema inagongana na iliyopo, imechezewa. Na hii ya mamdogo oneni, zimekuwa ikoni mbili! Ile ya zamani ndani yake ina jina jengine kabisa, simu inaziona ni apu mbili tofauti, basi na hiyo imechezewa.

Mimi nasema ifutwe. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta na simu, waliikuta Triada, kirusi kibaya, ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, moja katika hizi WhatsApp za kuchezewa, na kwa macho huwezi kukijua.

Ila kabla ya kufuta, fungua mazungumzo ya wateja moja moja uyatume kwenye email, maana bakapu ya hizi za kuchezewa mara nyingi haikubali kwenye ya asili. Halafu ndo unasajili namba upya, inakuja kodi ya tarakimu 6. Mamdogo, iandike mwenyewe, usimsomee mtu, hata fundi.