Debe, Mizani na Kiranja: Likizo ya Mwanafunzi Anayejitolea

Mhadhara kwa walimu walezi, wazazi na wanafunzi wa vyuo, Iringa

Kamwene. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, nanyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza, nawashukuru.

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili katika vikao vya wazazi na katika mikutano ya walimu walezi, nami nitaendelea kulisema mpaka nione limeshikwa. Mwanafunzi wa chuo anayekwenda kujitolea katika kundi la viranja wakati wa likizo apewe kazi ambayo ikiharibika kuna watu watakaoshinda na njaa au watakaokosa maji. Asipewe kipaza sauti. Tumewapa vijana wetu vipaza sauti kwa miaka mingi, wakahutubia gwaride la asubuhi juu ya sifa za kiongozi bora, wakapigwa picha na mkuu wa shule, wakaondoka, na kiranja aliyebaki pale hakujua kufanya lolote ambalo hakulijua kabla hawajafika.

Nafasi tunayo, nayo ni nzuri kuliko tunavyodhani. Vyuo vyetu vingi hufunga mwaka wa masomo mwezi Julai au Agosti na kufungua Oktoba au Novemba, ilhali sekondari huanza muhula wa pili Julai. Kwa hiyo likizo ndefu ya mwanachuo huangukia wakati ambapo shule ziko wazi, viranja wako kazini, na stoo ya chakula inajaa mahindi mapya. Nchi nyingine likizo ya chuo na likizo ya shule huja pamoja, na anayejitolea huishia kuendesha kambi. Sisi tunaweza kumweka kijana katikati ya shule inayofanya kazi.

Nitawasimulia habari ya binti mmoja, na wale waliokwisha kuisikia wanivumilie, kwa sababu sijapata mfano unaoishinda. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, kwao ni Mufindi, na likizo ile alikwenda kujitolea katika shule moja ya kata ya kutwa yenye wanafunzi wapatao 300. Wiki mbili za kwanza alifanya kile alichofundishwa kufanya. Aliwakusanya viranja darasani baada ya vipindi, akawaandikia ubaoni aina za uongozi, nao wakanakili kwa utulivu ule ambao kila mwalimu anaujua, utulivu wa mtoto anayesubiri kengele huku baridi ya Julai ikimwingia miguuni.

Wiki ya tatu kiranja wa chakula, kijana wa kidato cha tatu, aliitwa mwizi mbele ya wenzake. Daftari la stoo lilionyesha kwamba mahindi waliyochanga wazazi yangefika mwisho wa Septemba, lakini magunia yaliyobaki yasingefika huko. Kijana alilia. Alimwambia yule binti, “Dada, mimi sijachukua hata punje, lakini nani ataniamini?” Binti hakumjibu kwa maneno ya faraja. Alimwomba daftari, wakaenda wote stoo, wakakaa juu ya magunia kuanzia saa tisa mpaka giza lilipoingia, wakisoma ukurasa kwa ukurasa.

Walichokikuta kila mkulima aliyemo humu atakielewa mara moja. Mahindi ya wazazi yalipopokelewa, debe lilifutwa kwa ubao, likawa sawasawa na ukingo. Yalipotolewa kwenda kwa mpishi, debe lilijazwa mpaka likawa na kilele. Katika daftari yote mawili yaliandikwa “debe 1”. Binti aliazima mizani kwa wakala wa mazao pale senta, viranja wakapima wenyewe, na kilele kile kikaonekana kuwa na kilo moja na ushee. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Makande ya watoto wale yalitumia madebe 4 kwa siku. Kwa siku 20 za shule katika mwezi, hayo ni madebe 80, yaani vilele 80, na ukizidisha kwa kilo moja na ushee utapata zaidi kidogo ya kilo 100. Gunia zima kila mwezi lilikuwa likiliwa na watoto wenyewe, mchana kweupe, huku mtoto mwenzao akibeba jina la mwizi.

Angalieni jinsi binti yule alivyolimaliza jambo hili, maana hapa ndipo penye mhadhara wangu wote. Angeweza kwenda ofisini akaeleza yeye, kwa kuwa ni msomi na angesikilizwa. Hakwenda. Alimfundisha kiranja kuandika kilo badala ya madebe, akamsaidia kupanga hesabu zake, na siku ya baraza la shule kiranja mwenyewe ndiye aliyesimama na mizani mbele ya walimu na wanafunzi akapima debe la kufutwa na debe la kilele. Binti alikuwa amekaa nyuma. Mkuu wa shule alimtaka radhi kijana yule hadharani, jambo ambalo katika miaka yangu 31 ya kufundisha nimeliona mara chache mno.

Tangu hapo viranja wengine walianza kumfuata binti na shida za idara zao. Kiranja wa mazingira alitaka kujua tangi la maji linaisha siku ya ngapi, na kiranja wa taaluma alitaka orodha ya vitabu vilivyoazimwa na kutorudishwa. Hakuna aliyemuuliza tena juu ya aina za uongozi.

Najua kuna mwalimu anayesema moyoni kwamba kiranja kazi yake ni nidhamu. Mwalimu mwenzangu, hilo ndilo linalonichosha. Tumemfanya kiranja kuwa mtu wa kuandika majina ya wapiga kelele, na mtoto aliyetumia miaka minne akiandika majina ya wenzake anatoka shuleni akiamini kwamba kuongoza ni kuwa na orodha ya wakosaji mfukoni. Baadaye anakuwa mwenyekiti wa kijiji, nasi tunashangaa kwa nini hasomi mapato na matumizi mbele ya mkutano. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule yao. Tulilichukua jembe, tukaliacha neno “kuamua”.

Mzazi naye ananiuliza, na ana haki ya kuuliza, nani atavuna mahindi ikiwa kijana aliyetoka chuoni anakwenda kujitolea? Mzazi mwenzangu, sijaomba likizo yote. Binti yule alikwenda shuleni siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikuwa shambani kwa mama yake akipukuchua mahindi yaleyale ambayo sehemu yake ilikwenda stoo ya shule. Nadhani ndiyo maana aligundua tatizo la debe. Mtu asiyewahi kupima mahindi angeutafuta wizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayataja tu. Anayejitolea awe na barua ya utambulisho inayofahamika kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya kijiji, na mabinti wasipangiwe shule ambayo hawana mahali salama pa kulala karibu nayo. Nauli tuchange, kwa sababu mtoto wa maskini naye anataka kujitolea. Kuhusu vyeti nilitaka kusema mengi, lakini itoshe kwamba cheti kitaje kazi iliyofanyika, na kisainiwe baada ya muhula mmoja kupita, tukishaona daftari bado linaandikwa. Daftari la shule ile niliyowasimulia nililiona mwaka uliofuata. Lilikuwa la kilo, mwandiko ulikuwa wa kiranja mwingine.

Vijana wawili mlionifuata mlangoni kabla hatujaanza, barua zenu ziko kwa katibu. Shule mnayokwenda ina tatizo la vitabu vya kidato cha kwanza, na kiranja wa maktaba atawasubiri Jumatatu saa nane mchana. Nendeni na kalamu zenu, na ile ya kuandikia daftari awe nayo yeye.