Bweni, lugha na msimu wa mahua

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie shule za bweni za watoto wa Adivasi, yaani jamii za asili za India. Kwa sensa ya 2011 walizidi milioni 100. Waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 59. Taifa zima, 73.

Twendeni Bastar, eneo lililo katika jimbo la Chhattisgarh. Ni misitu, vijiji vimetawanyika, na vita kati ya serikali na wapiganaji wa Kimao, waasi wa kikomunisti, vilidumu miaka mingi. Askari walipiga kambi shuleni, wapiganaji nao wakazibomoa. Kuanzia 2011 zikajengwa shule za bweni za mianzi, kila moja ya watoto kama 500. Kwa nini mianzi? Jengo la mianzi halimfai askari kwa ngome, basi na mpiganaji hana sababu ya kulilipua. Aliyelifikiria hilo alijua anakojenga.

Humo mtoto ana kitanda, sare, vitabu na sahani yake ya wali na dengu. Wazazi hawadaiwi karo. Na jioni kuna kipindi cha kujisomea, taa inawaka, mwalimu yupo. Msilipuuze hilo: nyumbani kwao mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kwenda shule, hata akikwama kwenye hesabu hana wa kumuuliza.

Zipo pia shule za Eklavya, za bweni za serikali kuu, zilizoanza 1997, darasa la sita hadi la 12, kila moja nafasi 480, nusu za wasichana. Serikali inalenga ziwe zaidi ya 700. Majengo ni mazuri, sina neno. Neno langu ni walimu. Mwaka 2023 ajira yao ilianza kufanywa kitaifa, na kujua Kihindi kukawa sharti. Sasa binti wa miaka 11 anayeongea Kigondi, lugha ya Adivasi wa Kigond, akiumwa tumbo usiku wa manane, amweleze nani? Jimbo la Odisha lilikwishaanza kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za nyumbani tangu miaka ya 2000. Kama hamna mwalimu anayeijua lugha, basi walau matroni atoke vijiji vya hapo hapo. Kwangu mimi huyo ana uzito kuliko maabara.

Jambo la mwisho, mahua. Maua ya mti huu hudondoka Machi na Aprili. Alfajiri familia nzima iko chini ya mti inaokota, kisha wanayaanika na kuyauza. Ndiyo pesa yao ya msimu. Mtoto akitoroka bwenini akasaidie, daftari la mahudhurio linamwandika mtoro. Likizo kubwa huja joto likishapamba moto, wakati maua yanakwisha. Ningekuwa na sauti kule, ningeimega hiyo likizo, wiki mbili ziwe za mahua.

Karibuni kwa maswali.