Gesi ya Kiyoyozi Haiishi: Salamu kwa Watu wa Tanga kutoka Minneapolis

Assalamu alaykum, mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wote wa Tanga, kuanzia Sahare na Raskazone hadi Ngamiani na Makorora. Ninarekodi video hii nikiwa katika chumba cha chini cha nyumba ya mteja hapa Minneapolis, Marekani, na sanduku hili la bati mnaloliona nyuma yangu ni tanuru la kupashia nyumba joto. Huko nje baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, na mwenye nyumba aliniita alfajiri kwa sababu watoto wake wamelala na makoti. Ninyi huko mko katikati ya kaskazi, mnajipepea hadi mikono inachoka, na ndiyo maana nimeona nizungumze nanyi leo juu ya neno moja linalowatoa fedha kila mwaka, nalo ni gesi.

Tanuru hili linachoma gesi kweli. Gesi inaingia kwa bomba kutoka barabarani, inawaka, moto wake unapasha chuma, feni inapuliza hewa juu ya chuma hicho, na moshi unatolewa nje kwa njia yake. Gesi ikikatika, joto nalo limekatika, sawa na mtungi wa jikoni unapoisha wali ukiwa haujaiva. Kiyoyozi, ambacho wengi wetu tunakiita eisii, nacho kina kitu tunachokiita gesi, na ninadhani balaa lote limeanzia hapo, kwamba tumevipa vitu viwili jina moja. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala hailiwi na mashine. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote: katika mashine ya ndani inageuka kutoka majimaji kuwa mvuke, na katika kugeuka huko inalichukua joto la chumba, kompresa inaukandamiza mvuke huo, na katika mashine ya nje mvuke unalitua lile joto na kurudi kuwa majimaji. Kazi yake ni ya mchukuzi wa bandarini, anayeshusha mzigo na kurudi kubeba mwingine. Mabomba yakiwa mazima, gesi iliyotiwa siku ya kwanza inaweza kukaa humo hadi mashine yenyewe ichakae.

Mwaka jana nilipokuja likizo nilifikia kwa mjomba wangu, Sahare. Kiyoyozi chake cha BTU 12,000, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza, kilikuwa kimejazwa gesi mara tatu katika miaka miwili, na kila mara kilipoza vizuri kwa miezi michache, kisha kikaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu. Mjomba mwenyewe alikwisha kulifanya jambo hilo utani, akisema gesi yake ni ya Kitanga hasa, waja leo waondoka leo. Nilipanda ngazi nikaitazama mashine ya nje kabla ya kugusa geji yoyote ya kupimia shinikizo, na pale mabomba yanapofungwa kwa nati nikaona doa la mafuta lililoshika vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo mahali gesi inapovuja, mafuta nayo huacha alama. Nikapaka povu la sabuni, likafura mbele ya macho yetu. Mdomo wa bomba ulipanuliwa vibaya siku ya kufunga, ukawa na ufa mwembamba kama unywele, na mafundi watatu walipita hapo bila kuutazama.

Tuliikata ile ncha, tukaipanua upya, tukajaribu mabomba kwa naitrojeni kuona kama bado yanavuja. Hapa ninaomba fundi kijana anayenisikiliza anielewe vizuri: asithubutu kutumia oksijeni ya wachomeleaji kwa kazi hiyo, kwa sababu oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Kisha tukanyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo tukaingiza gesi kwa mizani, gramu 850 kama kibandiko kilivyoandika, na si kwa kukisia kwa kushika bomba na kusema limepoa.

Kibandiko hicho kisomeni. Kitawaambia kama mashine ni ya gesi aina ya R-22, R-410A au R-32, na gesi hizi hazichanganywi, kwani R-410A ina shinikizo kubwa kuliko R-22 kwa takribani mara 1.6, na hata mafuta ya kompresa zake ni tofauti. Hapa Marekani mtu haruhusiwi kuigusa gesi hiyo bila cheti, na kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa. Kilo moja ya R-410A hunasa joto angani mara 2,088 ya kilo moja ya hewa ya ukaa, katika hesabu ya miaka 100, na makubaliano ya kuzipunguza gesi za namna hii yalifikiwa mwaka 2016 hapo kwa jirani zetu, Kigali.

Si kila udhaifu ni gesi, lakini. Chujio lililojaa vumbi linatosha kugandisha barafu kwenye mashine ya ndani, na maji yanayotiririka ukutani mara nyingi ni mpira wa kutolea maji ulioziba. Kwa nyumba zinazotazama bahari, chumvi ndiyo adui: yale mapezi membamba ya alumini katika mashine ya nje yanageuka unga mweupe. Yaosheni mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo na chumvi, umeme ukiwa umezimwa, bila ya kuyapiga kwa shinikizo kubwa. Mjomba sasa anafanya hivyo kila mwezi, tena kwa kujivuna.

Juma lililopita alinipigia simu usiku wa manane wa kwenu, akaniambia kwa unyonge kwamba gesi imeisha tena. Nilikaa kimya, nikiikumbuka ile nati na kujilaumu, hadi shangazi alipomnyang'anya simu na kuniuliza kama ninaweza kuwatumia fedha kidogo, kwa kuwa mtungi wa jikoni umewaishia na maharage hayajaiva.