Kwa nini siwatumii tulipu: jibu kwa ndugu zangu wa Kusini

Haya, ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, na wote mnaonifuatilia. Tangu niweke zile picha za maua ya tulipu ya huku Uholanzi naulizwa swali moja hadi nimechoka kuandika jibu: "Dada, tutumie mbegu za hayo maua tuanzishe biashara huku." Wengine wanauliza kwa upole. Wengine wameshanihukumu kabisa, eti nimeshiba, nawaringia watu na maua ya Uholanzi wakati wao wanahangaika na bei ya korosho. Leo najibu, na wenye kuelewa wataelewa.

Kwanza hilo la kuringa. Siku ile ya picha tulikuwa wanawake wanne, mimi, wawili wa Tanga na mmoja wa Mombasa, wote wa kazi za zamu. Kupata tu siku moja ambayo wote tuko huru ilikuwa shughuli. Tiketi ya bustani ya Keukenhof, pale Lisse, ni kama euro 20, yaani zaidi ya shilingi 50,000 kwa kichwa, na unainunua mtandaoni ukichagua na saa ya kuingia. Nauli ya treni na basi ni juu yako. Chakula cha mle ndani hatukukigusa. Tulibeba maandazi na chai ya tangawizi kwenye chupa, tukatafuta benchi, tukala. Siwaambii haya mnionee huruma, jamani. Nawaambia kwa sababu kwenye picha hamwoni bei.

Na mwenzetu mmoja nusura asije. Anahuisha kibali chake cha ukaazi, ada ameshalipa, kadi mpya haijatoka, na kila akipiga simu anaambiwa asubiri. Huku ukiwa huna kadi mkononi unatembea roho juu, hata kwenye basi. Mtu amesimama katikati ya maua yote yale, lakini kila baada ya dakika chache anafungua barua pepe. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Maua yenyewe? Ni mazuri, siwezi kuwadanganya. Bustani ni hekta 32, ilifunguliwa kwa watu mwaka 1950, na kwa mwaka inakuwa wazi wiki nane hivi tu, Machi hadi Mei. Kila mwaka kabla ya baridi kali wanapanda upya matunguu, yaani vile vitunguu vya chini ya ardhi ambavyo ua huchipua kutoka kwake, kama milioni 7, kwa mikono. Nilichungulia ndani ya tulipu moja jekundu. Kitako chake kina doa jeusi lenye ukingo wa njano, na ungaunga wake mweusi ukanibaki kwenye kidole. Siku hiyo pia kulikuwa na gwaride la maua, lile linalotoka Noordwijk kwenda Haarlem, zaidi ya kilomita 40, magari yamefunikwa maua kuanzia tairi hadi juu. Hilo ukisimama barabarani unaliangalia bure.

Sasa biashara. Kuna video niliweka ya mashine inakata vichwa vya maua shambani, yanaachwa chini yaoze, mkashangaa sana. Yule mkulima hauzi ua. Anauza tunguu la ardhini, na ua likiachwa linanyonya nguvu ya tunguu. Ni sawa na sisi na korosho: bibo linabaki chini ya mkorosho, au linaishia kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, punje ndiyo inakwenda mnadani. Kwa hiyo mbegu mnayoniomba hata wao hawaipandi. Tulipu la mbegu linaweza kukaa miaka mitano hadi saba kabla halijatoa ua. Na hilo tunguu linataka baridi ya nyuzi 9 au chini yake, wiki 12 hadi 16 mfululizo. Mtwara baridi hiyo utaitoa wapi, hata Julai usiku? Labda ulipie chumba cha ubaridi, na umeme mnaujua wenyewe.

Halafu makaratasi. Kuingiza mimea Tanzania unaomba kibali TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla mzigo haujaondoka, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha huku. Mimi siwezi kutia matunguu kwenye begi la nguo nikapita nayo kimyakimya, na msiniombe. Kuja huku ni vilevile: tangu Desemba 2019 matunda karibu yote yanataka cheti, isipokuwa nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Embe la mama yangu la Mikindani siruhusiwi kuingia nalo bila cheti. Nazi ndiyo napewa, kila nikija.

Na kwa kuwa tunaongelea maua, niseme hili. Msimu uliopita nilituma pesa ya kupulizia mikorosho yetu. Aliyepokea ni ndugu, simtaji. Dawa haikupulizwa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ukaingia kwenye maua ya mikorosho, yakakauka yote, na korosho tukaambulia za kukaanga nyumbani. Halafu mtu huyohuyo ananiuliza lini namtumia mtaji wa tulipu! Imeniumiza, na nimeshamwambia mwenyewe.

Kwa hiyo mimi sitatuma. Ni hali yangu mimi. Mwenye kibali, chumba cha ubaridi na mnunuzi afanye, simzuii. Ila kuna kitu nilikiona duka la maua siku ileile. Vile viua vya zambarau vya chungu vya asili ya Usambara, ambavyo Mjerumani mmoja alivichukua huko Tanga mwaka 1892, wenzangu wa Tanga walisimama mbele yavyo wakanyamaza. Pembeni yake kulikuwa na gloriosa zimefungwa mashada, petali nyekundu zenye kingo za njano zimepinda juu. Hilo ni ua linalotambaa lenyewe vichakani kwenye pwani yetu, na huku linauzwa kwa euro.

Kaka wa Nachingwea uliyeniandikia jana kwamba unalo nyuma ya nyumba, kabla hujafikiria kuuza, lizungushie uzio. Mmea wote una sumu, tunguu ndilo baya zaidi, na umesema una watoto wadogo. Usilichimbe kwa mikono mitupu. Nenda kwanza kwa afisa kilimo wa kata, halafu uniandikie amekuambia nini.